Ahame Yeye, Kiti Akiache

Uchaguzi mdogo ukipangwa Aprili hapa Bujonde, mtu wa kwanza ninayemfikiria ni bibi wa kitongoji cha mbali. Masika ya Kyela hayana huruma: mito imejaa, mpunga uko shambani, barabara ni tope. Yeye apandishe kitenge hadi magotini kwenda kituoni, kisa mtu aliyempa kura amebadilisha shati la chama! Nimewahi kuwa karani mwongozaji wapiga kura, na ninaijua foleni ya namna hiyo. Hata hivyo nasema uchaguzi urudiwe. Ugomvi wangu ni juu ya nani aruhusiwe kugombea.

Kwetu Tanzania sheria iko wazi. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, ubunge umekwisha. Kwenye karatasi ni jambo zuri, lakini tukumbuke Desemba 2017. Maulid Mtulia wa CUF aliacha jimbo la Kinondoni, Dk. Godwin Mollel wa Chadema akaacha Siha, wote wakaingia CCM. Tarehe 17 Februari 2018 wananchi waliitwa tena vituoni, wakawakuta wagombea ni haohao wawili, sasa kwa tiketi ya CCM. Wote walishinda. Siku moja kabla ya kura, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa ndani ya daladala Kinondoni polisi walipokuwa wakitawanya maandamano ya Chadema. Risasi ikamuua. Hakuwa mgombea wala mwandamanaji.

Septemba ya mwaka huohuo mchezo ukarudiwa Ukonga kwa Mwita Waitara na Monduli kwa Julius Kalanga, wote kutoka Chadema kwenda CCM. Lazaro Nyalandu alikuwa ameelekea upande wa pili Oktoba 2017, akaacha CCM na kiti cha Singida Kaskazini, na katika uchaguzi mdogo uliofuata hakugombea. Mimi huyo ndiye niliyemwelewa.

Ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wamalawi, mambo ni mengine kabisa. Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu, tunasikilizana bila mkalimani, na siasa zao huvuka mpaka wa Kasumulu pamoja na biashara. Katiba ya Malawi ina kifungu cha 65 kinachompa Spika kazi ya kutangaza wazi kiti cha mhamaji. Mwaka 2005 Rais Bingu wa Mutharika alikihama chama cha UDF, akaunda DPP, na wabunge wengi wakamfuata. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikasema kifungu ni halali. Serikali ikapambana kisitekelezwe, na wengi wao wakaendelea kukalia viti. Kwetu sheria inafuatwa na mpiga kura anasumbuliwa. Kwao iliachwa na mpiga kura akadharauliwa.

Wakenya walipitia jingine mwaka 1966. Wafuasi wa Oginga Odinga walipotoka KANU kwenda KPU, Katiba ilirekebishwa haraka ili warudi kwa wapiga kura, na wengi wao wakapoteza viti. Uchaguzi mdogo unaweza pia kuwa fimbo ya mwenye nguvu.

Ndiyo maana sipendi aliyefukuzwa apimwe kwa kipimo cha aliyehama. Mwaka 2017 CUF iliwavua uanachama wabunge wanane wanawake wa viti maalumu, wakapoteza nafasi zao. Chadema iliwavua kumi na tisa Novemba 2020, nao wakaendelea kukaa bungeni kwa miaka. Katiba ni ileile!

Mzizi wa yote ni kwamba mtu hawezi kugombea bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga hali hiyo mahakamani tangu miaka ya 1990, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikamuunga mkono. Mgombea binafsi bado hatuna.

Msimamo wangu ni huu: anayehama kwa hiari aache kiti, na asiruhusiwe kugombea mpaka uchaguzi mkuu ujao. Aliyefukuzwa kwa kutofautiana na wakubwa wa chama abaki na kazi aliyopewa na wananchi. Sheria hiyo bado haijaandikwa. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kyela, mgombea akija kuomba kura muulizeni hadharani kama akihama atarudi kugombea kiti hichohicho, na simu zenu ziwe zinarekodi.