Kabla ya kukata kitambaa, pima gharama ya kumfikia mteja

Katika vikoba vingi, fedha ya mkopo huwa imeshapangiwa kazi kabla haijafika nyumbani. Kuna ada ya mtoto, kuna kodi ya nyumba, halafu kuna ile biashara ndogo ambayo mama au baba ameifikiria kwa muda mrefu. Biashara hiyo ndiyo inayotegemewa kurudisha fedha yote. Ikienda vibaya, siku ya marejesho haisogezwi, na wapo wanaoziba pengo kwa mikopo ya kausha damu, ambayo huishia kuondoka na televisheni na makochi ya sebuleni.

Mara nyingi bidhaa haina kasoro, na wanaoihitaji wapo. Tatizo ni kwamba wametawanyika, kiasi kwamba nauli, bando na matangazo ya kuwatafuta vinameza faida yote. Hali hii huwakuta zaidi wanaolenga soko dogo lenye mahitaji maalumu, kama vile viatu vya watoto wenye ulemavu wa miguu, vyakula vya wenye mzio, au vitabu vya maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu.

Kwa mzazi anayefikiria soko la namna hiyo, kujua kama watu wanaihitaji bidhaa hakutoshi. Anapaswa kujua pia kama anaweza kuwafikia kwa gharama ambayo bidhaa yenyewe inaweza kuibeba. Jibu hilo linaweza kupatikana ndani ya wiki nne, kabla ya kununua jora la kitambaa.

Mfano wa kofia

Chukua mfano wa mama fundi cherehani katika mji wa wilaya, anayetaka kushona kofia pana na mashati ya shule ya mikono mirefu kwa ajili ya watoto wenye ualbino.

Hitaji lenyewe halina ubishi. Ngozi ya mtoto mwenye ualbino ina upungufu mkubwa wa melanini, rangi inayosaidia kukinga mionzi ya jua, au haina kabisa. Bila kinga, ngozi huungua, hupata vidonda, na hatari ya saratani huanza kujengeka mapema. Kofia ya kapelo haitoshi, kwa sababu masikio na shingo hubaki wazi. Inayofaa ni yenye ukingo mpana pande zote, angalau sentimita 7, na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kofia kama hiyo si rahisi kuipata katika kila gulio, hasa ya saizi ya mtoto wa darasa la kwanza.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua kitambaa. Fundi mwenye hekima kwanza huchukua daftari.

Wapo wangapi?

Takwimu inayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Lakini sensa ya mwaka 2012, wakati nchi ikiwa na watu karibu milioni 45, ilihesabu watu zaidi ya 16,000 wenye ualbino. Hiyo ni sawa na mtu 1 kati ya takriban 2,700, yaani karibu nusu ya makadirio ya kwanza. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 kati ya watu milioni 47.6, sawa na mtu 1 kati ya takriban 4,900.

Tofauti hizi zinamfundisha mfanyabiashara kwamba takwimu kubwa hupendeza masikioni, ila hesabu ya mtaji ifanywe kwa ile ndogo. Katika wilaya yenye watu 400,000, kwa kipimo cha sensa ya 2012, watu wenye ualbino watakuwa chini ya 150. Kwa kuwa karibu nusu ya Watanzania ni watoto, wateja wa kofia za watoto watakuwa kama 70 wilaya nzima.

Kuna jambo jingine la kuweka kwenye hesabu. Ualbino hurithiwa pale baba na mama wote wawili wanapobeba vinasaba vyake, hata kama wenyewe hawana ualbino. Kwa wazazi kama hao, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo kuna nyumba zenye watoto wawili au zaidi wanaohitaji kofia. Watoto 70 wanaweza kuwa katika kaya 55 tu, na safari moja ya kuifikia kaya ikauza kofia mbili.

Wanakutana wapi?

Tangazo la redio au la mtandaoni hulipiwa kwa kuhesabu wote linaowafikia. Kwa soko hili, likisikika na watu 2,700, huenda likamgusa mhusika mmoja, na huyo mmoja huenda siku hiyo hana fedha.

Njia nafuu ni kwenda mahali ambako wahusika tayari wanakutana kwa sababu zao. Kwa familia zenye watoto wenye ualbino, mahali hapo panajulikana. Kuna shule zenye vitengo maalumu, kliniki za ngozi na macho, na matawi ya Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Kuna pia Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa na kuanza kuadhimishwa mwaka 2015.

Losheni ya Kilisun inaonyesha jinsi njia hiyo inavyofanya kazi. Losheni hii ya kukinga jua hutengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, na huwafikia walengwa kupitia kliniki, ambako mtu hupimwa ngozi na kuelekezwa namna ya kujipaka. Mradi huo unasaidiwa na wafadhili na haulengi faida kama ya fundi wa mtaani, lakini njia yake ni ileile ya kuipeleka bidhaa pale watu wanapokwenda tayari.

Jambo hilo linampa fundi onyo pia. Pale ambapo taasisi hugawa vifaa bure, mshindani wake ni kofia isiyouzwa. Ni vyema aulize mapema kama kofia zimewahi kugawiwa katika eneo lake, lini, na kama ziliwatosha watoto wadogo.

Hesabu ya mteja mmoja

Tuseme kofia moja inagharimu Sh8,000 za kitambaa, uzi na umeme, pamoja na Sh2,000 za ujira wa fundi mwenyewe. Ikiuzwa Sh15,000, kinachobaki ni Sh5,000. Gharama zote za kumtafuta mteja na kumfikishia mzigo zinapaswa kuingia ndani ya hiyo Sh5,000 na bado kitu kibaki.

Akichapisha vipeperushi vya Sh60,000 na kuuza kofia nne, kila mteja amemgharimu Sh15,000. Amepoteza Sh10,000 kwa kila kofia aliyouza.

Akilipia tangazo la mtandaoni la Sh40,000, wakauliza watu watano na kununua wawili, kila mteja amemgharimu Sh20,000. Hapo simu itakuwa imejaa "like", lakini pochi itakuwa imepungua.

Akiomba ruhusa ya kufika na sampuli siku ya kikao cha wazazi shuleni, akatumia Sh16,000 za nauli na chakula, na kurudi na oda nane, kila mteja amemgharimu Sh2,000.

Baada ya hapo kuna usafirishaji. Akituma kofia moja kwa basi kwa Sh5,000, faida imeisha. Akikusanya zote nane kwenye mfuko mmoja kwa Sh6,000 na mzazi mmoja akazipokea kwa niaba ya wenzake, kila kofia imebeba Sh750. Kwa hesabu hiyo, kati ya Sh40,000 za faida ghafi anatoa Sh16,000 za safari na Sh6,000 za mzigo. Zinabaki Sh18,000.

Bei zitatofautiana kutoka mji hadi mji, lakini utaratibu ni huohuo. Kila njia ijaribiwe kwa fedha kidogo, matokeo yaandikwe, kisha gharama igawanywe kwa idadi ya walionunua. Walioahidi kununua wasihesabiwe.

Maswali yanayotoa jibu la kweli

Mzazi akiulizwa, "Mama Neema, nikishona kofia utanunua?" atajibu ndiyo, kwa ustaarabu tu. Jibu hilo halijazi mkoba wa fundi.

Maswali yanayosaidia ni ya mambo yaliyokwishatokea. Kofia anayovaa mtoto sasa ilitoka wapi? Ilinunuliwa kwa bei gani? Imedumu muda gani? Ilipochakaa, walifanya nini? Nani nyumbani ndiye hutoa fedha ya nguo za shule, na mwezi gani?

Swali la mwisho lina uzito. Mara nyingi Januari huwa na mahitaji mengi ya shule na fedha kidogo. Kwa familia za wakulima, fedha huonekana baada ya mavuno. Kofia ileile inaweza kukataliwa Januari na kugombewa Julai.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni malipo ya awali. Mzazi anayetoa Sh5,000 ya kuanzia amejibu kwa mkono wake. Wakitoa wanane, kitambaa kinunuliwe cha kofia nane.

Usalama wa mtoto

Soko hili lina mpaka ambao hauvukwi kwa sababu ya biashara. Watu wenye ualbino nchini wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa imani za kishirikina, wakiwamo watoto. Mgeni anayezunguka akiuliza, "Ni nyumba ipi ina mtoto mwenye ualbino?" anatisha, hata kama mkononi ameshika kofia.

Kwa hiyo fundi hatengenezi orodha ya watoto na makazi yao. Hapigi picha ya mtoto ili aiweke kwenye status ya WhatsApp. Anapitia kwa mwalimu mkuu, mganga wa kliniki au viongozi wa chama, anajitambulisha, anaacha sampuli na namba yake, na wazazi wenyewe ndio wanaoamua kupiga simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda taarifa za watu, hasa zilizo nyeti kama za afya na za watoto.

Utaratibu huu unaonekana mrefu, lakini kwenye hesabu ndio wa bei nafuu. Mzazi aliyetumwa na mwalimu anayemwamini huja akiwa tayari kununua, na fundi hakulipia tangazo.

Mkopo au akiba?

Sasa hesabu ya mwaka mzima. Katika wilaya ile ya watoto 70, ikiwa nusu yao watanunua kofia moja kila mmoja, hizo ni kofia 35. Kwa faida ya Sh2,250 kwa kofia, ni takriban Sh79,000 kwa mwaka. Wakiagiza kwa simu bila fundi kusafiri, faida inapanda hadi Sh4,250 kwa kofia, sawa na takriban Sh149,000.

Kwa hiyo soko linafikika kwa gharama nafuu, ila ni dogo. Haliwezi kubeba mkopo wa Sh1 milioni wenye marejesho ya kila wiki. Linaweza kubebwa na Sh100,000 ya akiba, pembeni ya kazi za kila siku za cherehani. Mama aliyeona hivyo kwenye daftari ameiokoa ada ya mtoto wake.

Kulikuza kunawezekana. Mteja yuleyule, kwa safari ileile, anaweza kuuziwa shati la mikono mirefu. Wilaya jirani zinaweza kuongezwa kwa kupitia shule na kliniki zao. Shule, kanisa, msikiti au taasisi inaweza kuagiza kofia 50 kwa mkupuo, na hapo gharama ya kumfikia mnunuzi inakuwa barua moja na nauli ya siku moja. Kwa kikundi kilichosajiliwa, ipo pia mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kuna pia wale ambao ngozi yao haina shida lakini jua linawakuta kazini, kama wavuvi, mama lishe wa pembezoni mwa barabara, wachuma chai na wauza mboga sokoni. Kofia ileile ya ukingo mpana, kwa saizi ya mtu mzima, inawafaa. Hao nao waingie kwenye ukurasa wao wa daftari, wajaribiwe kwa kofia tano, na gharama ya kumfikia kila mmoja iandikwe kabla ya kununua kitambaa cha kofia ya sita.