Kabla ya kumwita fundi, uliza maji yamekuja saa ngapi

Julai hakuna mvua Bahi, mkoani Dodoma. Msimu wa mvua wa huko huanza Desemba na kukatika Aprili, kisha ardhi hukauka hadi ikapasuka. Hata hivyo, katika nyumba za bati zisizo na dari, watu huweza kuamka alfajiri ya kipupwe na kukuta blanketi limelowa matone yaliyodondoka kutoka juu. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi hupaka lami kwenye misumari, pesa hutoka, na wiki inayofuata matone yanarudi. Bati ni zima, linatoa jasho.

Maji huingia katika nyumba za Bahi kwa njia tatu: hewani, kwenye mvua au bomba, na ardhini. Kila njia ina majira yake na dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana swali la kwanza liwe: maji haya huja lini?

Tuanze na jasho. Usiku wa kipupwe, anga likiwa halina wingu, bati hupoteza joto upesi na kuwa baridi kuliko hewa ya ndani. Mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa kwa pumzi na ngozi. Watu watano wakilala saa nane, wametoa zaidi ya lita moja na nusu. Hewa ya nyuzi joto 20 huweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo; ikipoa hadi nyuzi 10 hubeba kama 9 tu. Ziada hugeuka maji pale penye ubaridi.

Kwa hiyo jasho hutanda bati zima, huonekana alfajiri, hukauka jua likipanda, na huzidi chumba kikiwa kimefungwa na wamelala wengi. Nyumba mpya huathirika zaidi kwa kuwa plasta na sakafu bado zinatoa maji. Acha dirisha wazi kidogo usiku mmoja. Matone yakipungua, jibu umelipata bila gharama. Dawa ya kudumu ni matundu ya hewa juu ya ukuta, dari, na kupikia nje. Usijaribu kukausha chumba kwa jiko la mkaa usiku: gesi yake huua waliolala.

Wenyeji Wagogo waliolala kwenye nyumba za tembe hawakusumbuliwa na jasho hili. Paa la tembe ni udongo mnene uliotandazwa juu ya miti. Hunywa mvuke usiku na kuuachia mchana. Mvua kubwa iliweza kulipenya, lakini jasho halikudondoka.

Kuvuja kuna dalili nyingine. Doa hukaa mahali pamoja, lina ukingo wa kahawia, na hukua mvua inaponyesha au muda mfupi baadaye. Kagua misumari iliyopoteza mpira, maungio ya bati na kofia ya paa. Usidanganywe na mahali tone linapodondokea, maana maji hutambaa kwenye mbao za kenchi kabla ya kuanguka. Mmoja amwage maji juu ya paa, akianzia chini na kupanda taratibu, mwingine asimame ndani akitazama. Ukishuku bomba, funga koki zote, soma mita kabla ya kulala na uisome tena asubuhi. Ikiwa imesogea na hakuna aliyechota, bomba linavuja.

Njia ya tatu Bahi inaijua vizuri. Mbuga ya Bahi hupokea maji ya mto Bubu na haina njia ya kuyatoa. Maji hukauka juani, chumvi hubaki udongoni. Ukuta uliojengwa bila nailoni ya msingi, ile ambayo mafundi huiita dipisii, hunyonya maji yenye chumvi hiyo kutoka chini. Yakikauka, chumvi huota kama unga mweupe na kuitoa plasta vipande vipande, kwa kawaida chini ya kimo cha mita moja. Wengi huuita fangasi. Kwangua kidogo, utie kwenye maji: chumvi huyeyuka. Kupaka saruji juu yake hakusaidii; ondoa udongo uliorundikana ukutani na uchimbe mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi.

Ukiwa bado na shaka, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku mbili. Umande ukitokea upande wa chumbani, unatoka hewani. Ukitokea upande wa ukutani, unatoka ukutani.

Unyevu wa ndani ya nyumba unagusa hata uhai. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuvu wanaoitengeneza hustawi kwenye nafaka yenye unyevu. Gunia la mahindi lililoegemezwa ukuta unaonyonya maji, au lililo chini ya bati linalotoa jasho, liko hatarini hata kiangazi. Liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Fundi anayeuliza maji huja lini kabla ya kutaja bei ndiye wa kupewa kazi. Mwenye nyumba naye amsaidie: kwa siku saba aandike saa, mahali, na kama mvua ilinyesha. Kurasa hizo zitaokoa bati zima lising'olewe bure, na chakula cha watoto kisiozee ndani.