Ayari Ndiye Aanzaye Salamu

Mji wa Istanbul, uliokaa juu ya mabara mawili na kugawanywa na mlango wa bahari wa Bosporus, umekuwa katika miaka ya karibuni miongoni mwa miji ya ughaibuni iliyozoeleka mno na watu wa kwetu: wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Nairobi huenda kununua nguo katika mitaa ya Laleli na Merter, wagonjwa huenda kutafuta tiba, na wale ambao Mungu amewajaalia wasaa huenda kuzuru misikiti na makasri ya masultani wa zamani. Tangu Juni hata Septemba, uwanja wa Sultanahmet na njia ya İstiklal hufurika wageni kiasi cha mtu kupita kwa taabu, na palipo na wingi wa wageni hapakosekani maayari. Nia yangu si kumtisha mtu asisafiri, kwani wenyeji wa mji ule, kwa jumla, ni watu wakarimu. Nia yangu ni kueleza jinsi ghiliba zenyewe zinavyosukwa, maana aliyeuona ufundi wa mtego hahitaji kukariri majina ya mitego yote.

Watu wengi hudhani kwamba anayelaghaiwa ni mtu wa tamaa, na kwamba asiyetamani cha bure hana la kuogopa. Dhana hiyo ina ukweli wake katika hila za madini na za mirathi ya kubuni. Walakini katika miji ya watalii haisimami, kwa sababu mgeni hategwi kwa tamaa yake bali kwa adabu yake. Haya ya kumkatiza mtu maneno, uzito wa kukataa kinywaji alichokwisha kumiminiwa, hofu ya kuonekana mjeuri mbele ya wenyeji: hizi ndizo kamba zenyewe, na kadiri mtu alivyolelewa vyema ndivyo zinavyomfunga barabara.

Chukua mathalan mpiga kiwi wa Istanbul. Hupita mbele yako na kisanduku chake mkononi, na brashi ikamdondoka kana kwamba hakuhisi. Wewe huinama, ukaiokota, ukamwita. Hapo hurejea kwa furaha isiyo kiasi, akakushika mkono, akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumkutanisha na mja mwema, na kwa kukulipa ihsani yako akashikilia kwamba lazima akung'arishie viatu, tena bure. Ukikataa huonekana umemtweza maskini. Ukikubali, mguu wako huwa umekwisha panda juu ya kisanduku, na mtu mwenye mguu mmoja juu ya kisanduku haondoki kwa haraka. Brashi inapokwenda na kurudi ndipo zinapokuja habari za mtoto aliyelazwa hospitali, na mwisho wa habari huja bei, ambayo ni maradufu kadha ya ujira wa kazi ile.

Uzuri wa hila hii, ikiwa hila yaweza kusifiwa, ni kwamba hakuna aliyekuomba kitu. Wewe ndiye uliyeanza kutenda wema, au ndivyo ulivyodhani, ilhali brashi iliangushwa kwa kusudi na mazungumzo yalikwisha anzwa na mwenzako kabla hujafumbua kinywa. Hapa ndipo penye kanuni ambayo, kwa rai yangu, inazishinda orodha zote za tahadhari wanazopewa wasafiri: jiulize ni nani aliyeanza. Mtu uliyemchagua wewe katika umati ukamwuliza njia, aghalabu ni mwema, kwani watu wengi ni wema, na ayari hakuwa na njia ya kujua kwamba utamwendea yeye. Lakini mtu aliyekuchagua wewe miongoni mwa maelfu ana sababu ya kukuchagua, na sababu hiyo huijui. Wala kanuni hii haikulazimishi kuwa mkavu: itikia salamu, tabasamu, na miguu iendelee kwenda.

Kwa msafiri Mwislamu wa pwani yetu mtego huu una kitanzi cha pili, maana ayari humjia kwa salamu ya dini na kumwita ndugu, na nani atakayempa kisogo ndugu? Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 17, hufungwa kwa watalii nyakati za sala. Huo ni ukweli, na juu ya ukweli huo ndipo ayari anapoujenga uongo wake: kwamba msikiti umefungwa kwa muda mrefu, na kwamba ami yake ana duka hapo nyuma ambamo mgeni aweza kupumzika na kunywa chai. Kwa ami kuna mazulia. Gilasi ya kwanza ni ukarimu, ya pili ni mazungumzo, na zulia la tatu linapokunjuliwa sakafuni mgeni huona haya kutoka mikono mitupu. Dawa yake ni kwenda mlangoni ukajionee mwenyewe. Kuingia msikitini hakuna malipo, na aliyekuja kusali hazuiwi wakati wa sala. Msikiti wa Ayasofya una utaratibu mwingine, kwani tangu Januari 2024 mgeni wa kigeni anayezuru hulipa euro 25 kwa kupanda orofa ya juu, ilhali anayekwenda kuswali huingia chini bila ya kulipa. Basi anayekuuzia njiani tikiti ya kuipita foleni na akuoneshe kwanza ni foleni ya mlango upi.

Habari ya baa za Taksim nitaipitia kwa ufupi, kwa kuwa haina ufundi mkubwa. Mtu aliyevaa vizuri hukuomba kiberiti, akasema naye ni mgeni kutoka mji mwingine, akakualika mkanywe pamoja. Mkifika huja wanawake na kuketi nanyi, vinywaji huletwa ambavyo hukuviagiza, kisha huja hesabu ya kutisha, na wanaume wawili wa miraba minne hukusindikiza hadi kwenye mashine ya kutolea fedha. Rafiki yako naye hujitia kustaajabu. Asiyekwenda haibiwi, na hilo latosha.

Teksi zinataka maelezo zaidi, kwani hazikwepeki kwa wepesi hivyo. Zipo za manjano, za rangi ya feruzi na nyeusi, na nauli hupanda kwa daraja hizo. Zote zina mita, na hakuna nauli ya usiku iliyo mbali na ya mchana, licha ya atakayokwambia dereva saa sita za usiku. Dereva asiyetaka kuwasha mita mshukie pale pale, gari lingali limesimama. Hila iliyo nyembamba zaidi ni ya noti: unampa noti kubwa, mkono wake unashuka chini ya kiti na kupanda, na tahamaki anakuonesha noti ndogo akidai ndiyo uliyompa. Noti za lira 5 na za 50 zilishabihiana kwa rangi hata ikabidi ile ya 5 ibadilishwe kuwa ya zambarau mwaka 2013. Basi itaje noti kwa sauti unapoitoa, na usiiachie mpaka nambari yake imeonekana na nyote wawili. Na ikiwa mizigo yako si mingi, viwanja vyote viwili vya ndege vinafikiwa na treni ya chini ya ardhi kwa kadi ya Istanbulkart, ambayo hununuliwa kwenye mashine. Yule msaidizi asiye na sare anayekungoja kando ya mashine, kanuni ya nani aliyeanza inamhusu yeye pia.

Sasa nije kwenye zafarani, jambo linalotugusa sisi tunaojua ladha ya biriani. Katika soko la viungo la Mısır Çarşısı, lililokamilika katika miaka ya 1660, utaona vilima vya nyuzi nyekundu na za rangi ya chungwa vikiuzwa kwa bei inayomfurahisha mgeni. Zafarani ya kweli haiwezi kuwa rahisi: kila ua hutoa nyuzi tatu tu, zikichumwa kwa mkono, na ili kupata kilo moja kavu yahitajika maua yapatayo 150,000. Kinachouzwa katika vilima vile mara nyingi ni petali kavu za ua jingine kabisa, ambalo Waturuki huliita aspir, nalo hutia rangi lakini halina harufu wala ladha ya maana. Chukua uzi mmoja uutazame kwa karibu: wa zafarani ni mwekundu uliokoza, na ncha yake moja imepanuka mfano wa mdomo wa tarumbeta. Uloweke katika maji ya uvuguvugu. Maji hugeuka ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu kwa muda mrefu, ilhali uliotiwa rangi hutoa wekundu wake mara moja na kupauka. Ukiutafuna, wa kweli ni mchungu kidogo, si mtamu. Mwuza duka mwaminifu hakatai majaribio haya. Anayekunyang'anya kikombe amekwisha kujibu.

Hata hivyo nataka insafu itendeke kwa wafanyabiashara wa Istanbul. Kutaja bei ya juu si wizi, na mtu aliyekulia karibu na Darajani au Marikiti hana haki ya kulalamika kwamba Mturuki wa soko la Kapalıçarşı alianza kwa bei mara mbili ya aliyoikubali mwishoni. Wizi huanza pale bei inapofichwa mpaka bidhaa imekwisha liwa, kunywewa au kuvaliwa. Lira, ambayo mwaka 2005 iliondolewa sifuri sita, imeshuka thamani tena kwa kasi hivi kwamba bei zilizochapishwa katika vitabu vya safari mwaka juzi leo ni historia, na mgeni hana kipimo cha kujua kipi ni ghali. Kwa hiyo asiye na kipimo na aulize kabla: mkahawa wa samaki usioandika bei kwenye orodha, hasa kando ya maji, ni wa kuinukwa kabla mkate haujaletwa.

Lililobaki ni aibu. Aliyelaghaiwa hunyamaza, kwa kuona kwamba akisema atachekwa na jamaa zake nyumbani, na ukimya huo ndio rasilimali kubwa ya ayari, kwa sababu mgeni wa kesho hapati habari za mgeni wa jana. Anayenyamaza huwadhulumu wenzake, na natumia neno hilo kwa makusudi. Nambari za teksi za Istanbul huanza na 34. Ziandike unapopanda, pamoja na saa na mahali. Malalamiko ya teksi hupokewa na manispaa kwa simu nambari 153, dharura yoyote ni 112, na polisi wa utalii wana ofisi yao pale pale Sultanahmet.