Je, Wajua? Mchangani, Tairi Laini Ndiyo Hupita

Kabla ya kuingia kwenye matuta ya mchanga ya Sharqiya, nchini Oman, dereva wa Land Cruiser husimama, akachuchumaa kando ya kila gurudumu na kupunguza upepo. Tairi iliyojazwa paundi 35 kwa ajili ya lami hushushwa hadi 15 hivi. Ikilegea, hurefuka pale inapogusa ardhi, na uzito wa gari husambaa badala ya kuchimba shimo.

Mbinu za kupita mchangani kwa gari si za jana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyekuwa Misri, aliingia Jangwa la Libya kwa magari ya Ford yaliyosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma! Gari likikwama, yeye na wenzake walitandika mabamba ya chuma chini ya magurudumu. Mwaka 1941 akachapisha kitabu kizima kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa, na wanasayansi wangali wanakitegemea.

Lakini hata tairi ikiwa laini, hatari iko kileleni mwa tuta. Upande wa tuta uliojificha na upepo huporomoka ghafla, kwa mteremko wa nyuzi 34 hivi, na anayepanda hauoni. Kushuka ni kunyoosha usukani tu: gari likikaa kiubavu, hubingirika.