Nguruwe Wetu na Kichaa cha Ng'ombe

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu hapa Jinja na Mbale tunafuga nguruwe ili kuongezea mshahara. Je, nguruwe aweza kupata kichaa cha ng'ombe kwa kula mabaki ya machinjioni? Ugonjwa huo ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Ng'ombe waliupata kwa kulishwa unga wa nyama na mifupa. Wataalamu walipowalisha nguruwe ubongo wa ng'ombe wagonjwa, hawakuugua. Waliougua ni waliodungwa sindano ya ubongo huo. Adui wetu wa karibu ni homa ya nguruwe: haina dawa, na humaliza banda zima. Basi tuchemshe makombo, wala tusiuze nguruwe mgonjwa. Amfichaye mgonjwa humwangamiza jirani yake.