Kwa nini mfumo wa malipo hukwama: miunganisho ya kanzidata isiyofungwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mfanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, anayelipa kodi au ada ya Serikali hupatiwa kumbukumbu namba ya malipo, kisha hulipa kwa simu au benki. Nyuma ya namba hiyo ipo programu, na nyuma ya programu ipo kanzidata inayotunza taarifa za deni lake. Programu huzungumza na kanzidata kupitia njia ambayo wataalamu huiita muunganisho. Kazi ikikamilika, njia hiyo hupaswa kufungwa.

Miunganisho ina ukomo, kwa kuwa kila mmoja hutumia nguvu ya seva. Kanzidata ya PostgreSQL, isipobadilishwa mpangilio wake wa awali, hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja. MySQL hupokea 151. Tuchukue mfano wa kubuni: programu inaacha wazi muunganisho mmoja katika kila maombi 50. Yakipita maombi 5,000, nafasi zote 100 zimeshikiliwa na kazi zilizokwisha zamani. Siku za kawaida huenda hali hiyo ikachukua wiki nzima kujitokeza. Tarehe 31 Machi, wengi wanapowahi awamu ya kwanza ya kodi ya mapato, saa moja yaweza kutosha.

Mara nyingi chanzo si usahaulifu mtupu. Mtayarishaji ameandika amri ya kufunga, lakini ameiweka mwisho wa msimbo. Mteja akiingiza herufi mahali pa tarakimu, hitilafu hutokea katikati na amri ile hairukiwi na mtu bali na programu yenyewe. Dawa ni kuiweka katika sehemu inayotekelezwa kazi ifanikiwe au ishindwe. Lugha ya Java, tangu toleo la 7 la mwaka 2011, ina utaratibu wa kufunga wenyewe.

Mifumo mikubwa hutunza miunganisho michache iliyo tayari na kuiazimisha kwa zamu. Hapo kufunga maana yake ni kurejesha, kama mkokoteni wa kukodi sokoni: usiporudi, mchukuzi anayefuata husimama na mzigo wake.

Kuzima na kuwasha seva huachilia nafasi zote, ndiyo maana tiba hiyo hupendwa, na ndiyo maana ugonjwa hurudi. Kuongeza ukomo nako huahirisha tu. Ukaguzi wa msimbo kabla ya mfumo kuanza kutumika hugharimu kidogo kuliko yote hayo.

Mifumo ya taasisi za umma inasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Kwa mwananchi, mfumo ukikwama katikati ya malipo, ni vema ahakiki kwanza salio na ujumbe wa uthibitisho kabla ya kulipa tena, kwani fedha zaweza kuwa zimekwishatoka ingawa jibu halijarudi.