Saa ya Majira Mawili na Haki za Walio Nyumbani

Miongoni mwa saa za mkono ziundwazo kwa ustadi mkubwa ni Grand Seiko ya Japani yenye majira mawili. Toleo lake la mitambo halina betri: kamani hujikaza kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, na katika baadhi ya matoleo hayo gurudumu la mizani hupiga mara 36,000 kwa saa, yaani mara 10 kila sekunde. Kingo za feleji husuguliwa na fundi hata zikawa kama kioo kisichopotosha sura. Akrabu ya nne huzunguka mara moja kwa saa 24, ikaonyesha majira ya nchi ya pili.

Faida yake twaijua sisi wenye jamaa ughaibuni. Muscat na Dubai wametutangulia kwa saa moja. London yatufuata nyuma kwa saa mbili au tatu, kutegemea msimu. Makka tuko nao sawa. (Kwa hesabu yetu ya Kiswahili hapahitajiwi mtambo wowote: atazamaye ncha iliyo mkabala na akrabu fupi amekwisha kuipata.)

Hata hivyo, bei yake ni maelfu ya dola, na hapo ndipo yazukapo maswali ya nyumba. Ikiwa ni ya dhahabu, mwanamume haimjuzii kuivaa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi pwani, pambo la dhahabu lisilojuzu huingia katika hesabu ya zaka pindi dhahabu ya mwenyewe ifikapo nisabu, takriban gramu 85. Ya feleji, ivaliwayo na mwenyewe, haina zaka. Iwekwayo kwa biashara inayo.

Lakini zito zaidi ni mirathi. Baba afapo, mara nyingi saa huwa imekwisha kuingia mkononi mwa kijana mkubwa kabla ya matanga kuondoka, na hakuna athubutuye kuuliza. Ilhali saa hiyo ni mali ya maiti kama nyumba na shamba. Baada ya deni na wasia, mjane mwenye watoto ana thumni yake humo. Mama wa marehemu, akiwa hai, ana sudusi. Na binti ana nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Njia ni nyepesi: saa itiwe thamani na fundi au mwuzaji ajuaye, kisha aitakaye aichukue ikatwe katika fungu lake.

Wengine husema, “Baba aliniambia, nikifa ni yako.” Maneno hayo si hiba, ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine, na mama na mabinti wamo. Atakaye kumpa mwanawe saa na aivue, amkabidhi angali hai, na awatazame na wanawe wengine.